Nyuso za Mashimoni

Mashimoni, Kibera
4 Januari 2008

Mwalimu Kagiri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ningekupigia simu, lakini kadi za simu hazipatikani, na hata zingepatikana, kuta za hapa ni mabati. Jirani anasikia unaongea na nani na kwa lugha gani, na siku hizi hayo mawili yanatosha. Barua hii anakuletea Nafuna, mama tunayekaa naye ploti moja. Anafulia watu nguo huko kwenu Kawangware, na kwa vile ni Mluhya bado anajaribu kupita, kwa miguu.

Mimi niko. Soko la Toi limeungua. Chakula tunapata kwa kubahatisha.

Nauliza habari za picha zangu. Zote ziko kwako, kwa sababu chumba changu kinavuja, na kwa sababu ya maonyesho ya Februari ambayo sasa sidhani yatakuwepo. Unajua niliochora ni akina nani. Ni majirani: mama anayeuza maji, kinyozi, Okello fundi wa viti, na wengine. Wengi wao ni Wajaluo. Tangu vurugu za uchaguzi zianze wananiuliza nyuso zao ziko wapi. Nikisema ziko Kawangware kwa mwalimu wangu, wanauliza mwalimu gani. Nikitaja jina lako, la Kikuyu, wananyamaza. Jana kinyozi aliniambia polepole, "Kwa hivyo hao watu wako na sura zetu, na majina yameandikwa nyuma."

Majina nyuma ni mafunzo yako. Ulisema picha isiyo na jina ni ya mtu aliyepotea. Mimi Mkamba huku hawanihesabu adui, lakini hawanihesabu wao pia, na naona wananipima upya.

Tafadhali zifiche, mbele na nyuma. Ile ya Okello ni mbichi, mashavuni nilipaka rangi nzito ya mafuta. Usiiegemeze kwa nyingine.

Msalimie Mama Wangoi.

Kathini

*

Kawangware
9 Januari 2008

Kathini,

Barua yako ilifika jana. Bahasha ilikuwa imefunguliwa, kisha ikabandikwa kwa uji. Nimeishi na gundi za kila aina, uji nautambua. Huyu mama aliyeileta, unamjua vipi? Anamfulia nani? Alisimama mlangoni pa karakana yangu akatazama ndani kupita mtu anayengoja jibu.

Usiandike tena majina ya watu. Usiandike nani ni wa kabila gani.

Huku kuna vijana barabarani wanaouliza vitambulisho. Ploti za mdogo wangu Thuo zimejaa jamaa waliofukuzwa Bonde la Ufa, na kila anayekaa kusikiliza hadithi zao anatoka nje amebadilika. Thuo naye amebadilika. Ananiuliza kwa nini nafunga karakana kwa kufuli mchana.

Kuhusu kazi. Chini ya kidevu cha yule fundi ulitumia nyeusi ya kopo. Nimeona. Ngozi yetu haina nyeusi ndani yake. Paka udongo mwekundu ubao mzima, ungoje ukauke, halafu kivuli ukitoe kwenye buluu na kahawia. Hilo nilifundishwa na marehemu. Nilipokuwa kijana watu walikuwa wananiletea picha ya kitambulisho niikuze kwa ajili ya mazishi, na nikitumia nyeusi familia zilisema, huyu umemuua mara ya pili. Mjomba wako mchongaji wa Wamunyu alikufundisha mfupa, na mfupa unaujua kunishinda. Ngozi bado.

Picha ziko mahali zilipo.

Kagiri

*

Mashimoni
17 Januari 2008

Mwalimu,

Nyumba zinaungua na wewe unaniandikia habari za kidevu.

Okello amepigwa. Nataja jina lake kwa sababu waliompiga wanalijua. Jumanne alienda huko kwenu kuchukua randa na misumeno aliyokuwa ameacha kwa mteja, maana bila hivyo hana kazi. Kundi la wanaume likamsimamisha njiani. Mkewe anasema kabla hajafungua mdomo, mmoja wao alimtaja: huyu ndiye Okello wa Mashimoni. Wakampiga kwa vyuma. Jicho la kushoto limefungwa bandeji na daktari hataki kusema lolote.

Jioni majirani walikuja mlangoni kwangu. Hakuna aliyepaza sauti. Mama wa maji ndiye aliyewasemea. Aliniuliza kama wakati ule nikimwambia atulie, ageuze kichwa kidogo, nilikuwa najua sura yake itapelekwa wapi. Mwalimu, mimi yule mama nilimchora mwezi mzima. Najua kila mkunjo wa shingo yake.

Nafuna nimemuuliza. Anasema siku aliyoleta barua alimkuta Thuo na wanaume wengine wakitoka kwako, na Thuo amebeba ubao kwapani, na wewe umesimama unamtazama akienda. Hilo hukuniandikia. Kidevu uliniandikia.

Nani ameona picha zangu? Nijibu hilo tu. Na nazitaka zirudi, zote, hata kama nitazibeba mgongoni.

Kathini

*

Kawangware
20 Januari 2008

Kathini,

Mpe pole fundi.

Picha za kurudisha hakuna. Nimezimaliza. Nyuso hazipo, na majina nimeyapiga randa. Waambie majirani zako hivyo, waziwazi, na waambie aliyefanya ni mimi.

Usimtume tena huyo mama. Wala wewe usije.

Kagiri

*

Mashimoni
24 Januari 2008

Bwana Kagiri,

Nimewaambia. Niliwakuta wamepanga foleni ya maji, nikawaambia picha zimeharibiwa. Nilidhani watasikitika pamoja nami. Walishukuru. Kinyozi alinishika mkono. Mama wa maji alisema Mungu ni mkubwa. Kazi yangu ya mwaka imekufa, na watu niliowachora kwa kuwapenda wanapumua kwa sababu imekufa. Nilirudi chumbani nikakaa juu ya ndoo, sikujua nilie kwa ajili ya nani.

Okello hakushukuru. Nilienda kumwona, akageukia ukuta.

Lakini mimi sikuamini. Mtu hamalizi kazi ya mwanafunzi wake kisha akatoa taarifa fupi kama ya kukatiwa stima. Kama ungeziharibu kwa woga ungenijazia kurasa za kujitetea, nakujua. Mimi nadhani ulizitoa. Nadhani mdogo wako alishuka na ule ubao hadi barabarani, vijana wakautazama vizuri, na Okello alipofika walikuwa wameshamkariri. Na humtaki Nafuna, si kwa sababu anasoma barua. Ni kwa sababu ana macho.

Siku ya kwanza nilipokuja kwako ulinipa kioo, ukaniambia nijichore mpaka niuchoke uso wangu. Sikuwahi kukuchora wewe. Sasa naona ilikuwa makosa, maana labda ningeona kitu.

Hii ni ya mwisho.

Kathini Muema

*

Kawangware
3 Machi 2008

Kathini,

Mimi ni Beth, Mama Wangoi. Mzee hajui naandika. Tangu wakubwa watie sahihi mapatano wiki iliyopita njia zimefunguka kidogo, nikamtafuta yule Nafuna nikamwomba akubebee hii.

Nitakwambia kweli, sikukusudia kukuandikia. Sijawahi kukupenda sana. Miaka hii yote nilikuwa naona msichana anaingia karakana ya mume wangu asubuhi na kutoka jioni, na nilikuwa na maswali yangu. Lakini barua zako aliziacha mezani nikazisoma, na siwezi kuendelea kukaa kanisani na jambo hili kifuani.

Siku matokeo yalipotangazwa, kabla hata moshi haujaonekana, alitoa picha zako akazipanga sakafuni. Akaniomba vitunguu. Nikampa. Akaomba vingine, mpaka jikoni hakikubaki hata kimoja. Alikuwa anavikata na kuvisugua juu ya nyuso. Nikasema basi, mume wangu amerukwa na akili. Akanieleza kwamba rangi ya maji huteleza juu ya mafuta, mpaka mafuta yasuguliwe kwa kitunguu ndipo inashika. Kisha akakoroga unga wa chaki na uji wa wanga, akafunika nyuso zote kwa weupe, na juu ya weupe akaandika mabango. Kinyozi. Maziwa. Tunashona sare za shule. Nyuma akayapiga majina randa. Ungeingia ungeona karakana ya mchora mabango tu, na hiyo ni kazi anayojulikana nayo.

Ile siku Nafuna alipokuja, Thuo alikuwa ametangulia na wanaume. Walikuwa wamesikia, sijui kutoka wapi, kwamba hapa kuna picha za watu wa Kibera. Walipindua kila kitu. Hawakuona. Lakini Thuo ni ndugu. Alisimama akayatazama yale mabango, akamwuliza mzee tangu lini amepata wateja wengi hivi wakati hakuna duka lililofunguliwa. Mzee akamwambia chukua moja la bucha yako, ni zawadi. Ndio ubao aliouona Nafuna. Umetundikwa barabarani mpaka leo, umeandikwa Nyama, na chini ya hiyo nyama kuna mtu wenu.

Nilimwomba akuandikie ukweli, hata kwa fumbo. Akasema fumbo ambalo Kathini atalifumbua, na mwingine atalifumbua.

Vijana walimtaka alinde nao barabara, akakataa, na sasa watu wananunua maziwa kwingine wakiniona mimi dukani kwetu. Thuo hapiti tena kwetu kunywa chai. Sijui kama utaniamini. Ningekuwa wewe nisingeamini. Njoo uone.

Beth

*

Mashimoni
12 Machi 2008

Mwalimu,

Mama Wangoi ameniandikia. Usimkasirikie. Barua yake niliisoma nikitafuta mahali anapodanganya. Nilifikiri hata kwamba umemtuma. Uone tulipofika.

Kwa hivyo nilimwendea Okello. Mkewe alinipa kigoda bila kunitazama. Nilimwuliza Okello moja kwa moja kama wale watu walikuwa na picha yake. Nilidhani atageukia ukuta tena. Kisha akasema:

"Picha gani? Aliyenitaja jina, kiti anachokalia kwake nilitengeneza mimi. Nimekula kwake. Hawakuhitaji picha, Kathini. Walikuwa wananijua."

Nikamwuliza kwa nini basi aliwaacha majirani wanishuku mimi wiki zote hizo. Akasema alitaka iwe ni picha. Alijaribu kuamini kwamba ni picha, kwa sababu ubao ukikusaliti unaweza kuuchoma, lakini mtu uliyekula kwake utamfanya nini. Mkewe alitoka nje aliposikia hivyo. Nadhani alikuwa hajaambiwa.

Na Nafuna nimemkalisha chini. Barua zetu zilikuwa zinafunguliwa na vijana kwenye kizuizi cha barabarani. Ile ya kwanza waliisoma, wakamweka kando juani, mmoja akakimbia kuelekea kwenu. Walipomwachilia aliomba uji kwa mama wa kibanda akabandika bahasha, kwa kuona aibu kukuletea kitu kilichopasuliwa. Kwa hivyo aliyemleta Thuo karakanani kwako hakuwa Nafuna. Ni barua yangu, yenye majina na kila kitu.

Kuomba msamaha sijui vizuri. Nilikuwa na sababu ya kushuku, na nilimshuku asiyestahili. Yote mawili nayabeba.

Umezifunua? Ya Okello imepona?

Kathini

*

Kawangware
19 Machi 2008

Kathini,

Beth ameniambia mwenyewe. Sikukasirika. Nilishangaa tu kwamba alikuwa ametukisia vibaya miaka yote hiyo na chai anatuletea.

Nimeanza kuziosha. Maji ya vuguvugu na sponji, bila haraka. Chaki inatoka kama maziwa. Kinachotokea kwanza ni paji la uso, kwa sababu hapo ndipo ulipoweka rangi nyingi, kama mchongaji anavyoacha mti. Halafu pua. Mdomo unachelewa. Kinyozi ametoka mzima. Karibu wote wametoka wazima, isipokuwa harufu ya kitunguu.

Ya Okello haikupona. Ilikuwa mbichi kama ulivyosema. Kitunguu kilivuruga rangi, chaki ikazama ndani ya mafuta, na kila nilivyofunika uso ulizidi kuonekana, mweupe, wa kutisha kuliko mwanzo. Nikachukua kisu bapa cha puti nikaukwangua hadi kwenye ubao. Hilo hata Beth hakulijua. Barua yako ya kwamba amepigwa ilinikuta nimeshamkwangua. Kama jibu langu lilikuwa fupi, ni kwa sababu hiyo.

Nilikwenda kwa Thuo kumwomba ubao wake. Alikuwa peke yake buchani. Nilimweleza kilicho chini. Aliushusha, akachukua kitambaa na maji ya beseni lake akauosha yeye mwenyewe mbele yangu. Akatokea mama wa maji. Thuo alimtazama sana yule mama. Kisha akaniuliza, "Ulidhani mimi ningemuua huyu?"

Nikamwambia sikujua.

Ningeweza kusema hapana. Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Lakini ndiyo kweli niliyokuwa nayo. Alinipa ubao akaingia ndani. Hajasema nami tangu hapo, na sijui ni lini atasema.

Nafuna nimemwomba radhi kwa mdomo wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nguo za watu ameziona ndani na nje, barua yangu ingemfaa nini.

Nitazipakia kwenye mkokoteni hadi barabara ya Ngong. Wewe zipokee hapo. Kuingia Mashimoni sidhani ni wakati.

Kagiri

*

Mashimoni
14 Aprili 2008

Mwalimu,

Picha zilifika. Sikuzificha, nilizitoa nje ya ploti, mchana, nikaita watu. Walikuja mmoja mmoja kama wanaokuja kutambua nguo zao kwenye kamba. Maonyesho hakuna anayeyataka. Walisema niwape sura zao wakae nazo, nami nimewapa. Kinyozi ametundika yake juu ya kioo. Mzee mmoja amebeba yake imefunikwa shuka, na nasikia nyumbani ameigeuzia ukuta. Mwingine aliisugua kwa kidole, akaniambia hana tena uso huo, akaniachia.

Mama wa maji alinusa ubao wake akauliza mbona unanuka bucha. Nilimweleza. Nilimwambia lile Thuo alilokuuliza, na ulivyojibu. Alifunga bomba kwanza, watu wamesimama na madumu yao. Akasema, "Mwambie huyo Thuo, na mimi kumhusu yeye sijui." Akalijaza dumu la aliyefuata. Nimeona nikupe maneno yake kama yalivyo. Ukitaka mfikishie.

Okello nilimwambia kuhusu kisu cha puti. Sikutaka asikie kwa mwingine. Jicho la kushoto halitarudi. Nilimwomba nimchore upya, akakataa, nikaacha. Jana alikuja mwenyewe, amevaa shati la kwenda kanisani, akasema kama bado nina ubao, nianze.

Nilimweka karibu na dirisha, mwanga umpate upande mzuri. Alikaa kidogo, akainuka, akakivuta kigoda mpaka mgongo ukagusa ukuta, akageuza lile jicho zima likaelekea mlangoni. Nikamwambia hapo mwanga ni mbaya, nusu ya uso itapotea. Akasema ipotee hiyo nusu, yeye hapo ndipo anapoweza kukaa.

Kila nyayo zilipopita nje alisimamisha pumzi, na mimi nikasimamisha brashi. Zikishapita tunaendelea. Tulifanya hivyo mchana kutwa, na kazi ikatoka.

Nimemchora anatazama mlango.

Mwanafunzi wako,
Kathini